Mipira Iliyopauka

Baba alisema hapandi treni mpaka mipira ya madirisha ya gari iwe myeusi. Alisema hivyo akiwa amekaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, sanduku lake dogo limeshafungwa kando ya mlango, nami nikawaka papo hapo, maana hasira zangu hazihitaji kibiriti. Kaka yangu alikuwa anamngoja Lubumbashi, daktari wa macho naye anamngoja, na hapa Kindu treni haina siku. Inakuja inapokuja, inakaa siku mbili tatu ikipakia mchele na mawese, halafu inaondoka, na aliyeachwa anaweza kungoja miezi. Mzee aliyepita miaka themanini, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, anataka kuachwa na treni kwa sababu ya mpira. Nilimuuliza kama hata ataiona hiyo rangi. Akanijibu kwamba haoni rangi, ila anajua kuwa haipo.

Kaka alikuwa amependekeza ndege. Baba alicheka. Alifanya kazi kwenye karakana ya reli maisha yake yote, na kwa maoni yake chombo kisichogusa ardhi kina deni ambalo ardhi italidai. Basi tukabaki kungoja treni, na sasa na mipira.

Mipira ninayosema ni ile mikanda inayozunguka madirisha ya gari na kushika vioo, yenye mdomo mwembamba unaolala juu ya kioo ili mvua isiingie. Gari letu ni la zamani, la milango minne, rangi ya maziwa, na linakaa uani chini ya mabati aliyoyafunga baba mwenyewe. Injini bado inaitika. Viti nilivishona upya kwa mkono wangu wakati wa likizo ya shule, kwa kuwa mimi ni mwalimu na likizo ndiyo wakati wangu wa kufanya kazi. Lakini mipira ilikuwa imepauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta, na ukipitisha kidole unatoka na unga wa kijivu. Tangu vita viishe gari lile lilikuwa limetengenezwa kila mahali isipokuwa hapo. Watu walipouliza, baba alisema mpira hauendeshi gari.

Mimi sikuuliza, nilikuwa na sababu yangu. Kuna jambo nililolifanya kwenye mpira mmoja wa gari lile nilipokuwa na miaka minane, na sikuwahi kumwambia baba wala mtu yeyote. Lilimpeleka kwenye mikono ya watu wenye bunduki. Nilikuwa nimejiahidi mara nyingi kwamba nitamwambia, kwanza mama atakapopona, naye mama hakupona, halafu nikimaliza shule, halafu nikiolewa. Sasa baba alikuwa anaenda mbali, na kwa umri ule huenda asirudi. Treni ikiondoka kabla sijafungua kinywa, nitabaki na jambo langu mpaka kaburini.

Kabla ya vita, mipira ile ilikuwa fahari ya nyumba. Babu yake baba aliletwa Kindu kutoka Kasai pamoja na vyuma vya reli, na watu wa hapa husema watu wa Kasai wanapenda kung'aa. Baba hakubisha. Kila Jumamosi alikwangua masizi kwenye matako ya masufuria ya mama, akayachekecha kwa kitambaa, akayapika na sabuni ya kipande na kijiko cha sukari mpaka yakawa uji mweusi, kisha akapaka madirisha yote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mafuta alikuwa hayataki kabisa. Alisema mafuta yanaozesha mpira, na mtu anayepaka gari mawese ni sawa na anayemnywesha mtoto pombe ili alale. Sukari ndiyo ilikuwa inaleta ule mng'ao. Ilileta pia sisimizi, na Jumapili nyingi walitusindikiza kanisani kwa mstari mmoja mrefu kuzunguka vioo, na mama akitembea upande wa pili wa barabara kama vile hatujui.

Nafasi yangu ilikuwa nyuma, kushoto. Kutoka pale niliutazama mji ukipita ndani ya ule mkanda mweusi, na kila kitu kilichoingia ndani yake kilikuwa kama picha inayowekwa ukutani. Mwanamke mwenye beseni la samaki. Padri juu ya baiskeli. Mto, mpana, wa rangi ya chai, na mtumbwi katikati usioonekana kwenda popote. Nilikuwa naamini kwamba vitu hivi vinatokea kwenye dirisha langu tu, na kwamba nikishuka vitakoma. Hata leo nikifumba macho mchana, Kindu ile inanijia na ukingo mweusi pande nne.

Halafu vita vikaja, na jambo la kwanza nililoliona mimi mtoto ni kwamba treni ilinyamaza. Reli ikaota majani. Mji ukafungwa kama chungu kilichofunikwa: ng'ambo ya mto hapaendeki, mashambani hapaendeki, chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Waliokuwa na bunduki walikuwa wanatafuta magari, na kila gari lenye uzima lilichukuliwa pamoja na mwenye kuliendesha. Wengine walirudi. Wengine mpaka leo wake zao hawajui wamwombee nani, mzima au marehemu.

Baba akaamua kuliua gari lake kabla hawajaja. Alifanya kazi ile kwa utaratibu wa karakana, kipande baada ya kipande. Aliondoa magurudumu akayafukia chini ya matuta ya viazi vitamu. Betri aliiweka ndani ya kikapu cha mpunga. Gari likakaa juu ya matofali, milango wazi, kuku wakapewa kiti cha mbele watagie. Akapanda maboga pembeni, na kwa muda mfupi yakapanda juu ya boneti na kuingia kwa madirisha, majani mapana, maua ya njano. Mwisho kabisa akachukua majivu ya jikoni na maji, akaipaka mipira yote mpaka ikawa ya kijivu. Alimwambia mama kwamba fundi akitaka kujua kama gari lina mwenyewe hatazami injini, anatazama mipira. Mpira mweusi maana yake kuna mtu anayelipenda.

Bibi mmoja jirani alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye mkeka na mama, akasema gari lile lilikuwa limemfikisha hospitali mara mbili, akalia kidogo, kwa kweli kabisa. Mama hakuweza kumwambia kwamba marehemu amejificha. Akalia naye, na nilipowaona wote wawili wanalia nami nikasadiki kwamba gari limekufa.

Wenye bunduki walikuja, kama ilivyotabiriwa. Mmoja wao, mwembamba, aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile, alitenga majani ya boga akapitisha kidole kwenye mpira wa dirisha. Akatazama ule unga wa kijivu, akaufuta kwenye suruali yake, wakaenda zao. Baba alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Miezi ikapita hivyo. Sikuwa naenda shule, kwa sababu shule ilikuwa imejaa watu waliokimbia vijiji vyao. Siku zangu nilizimaliza ndani ya gari. Nilikuwa nakaa nyuma kushoto, na mwanga uliopita kwenye majani ya boga ulikuwa wa kijani, ukitikisika, kama ule anaouona mtu aliyekaa chini ya maji kidogo tu. Kuku alikuwa akiguna kwenye kiti cha mbele. Nje, dirishani kwangu, hakukuwa na mji tena. Kulikuwa na jani moja, ua moja, nyuki mmoja, na ukingo wa kijivu uliokauka.

Sijui kueleza vizuri nilichokuwa nafikiri. Nilimwona baba anazidi kukonda na kutosema, nikadhani ni kwa ajili ya gari. Na mama alikuwa ananiambia kila asubuhi kwamba mtoto aliyepauka ni aibu ya nyumba yake. Hata katika njaa ile, alikuwa na kikombe cha mawese alichokiweka juu kabisa, kwenye ubao karibu na paa, na kila siku alichovya kidole kimoja akanipaka magoti, viwiko na uso. Hakuweka kwenye mboga, aliweka kwangu. Basi nikafikiri anavyofikiri mtoto aliyelelewa na mama wa namna hiyo: gari nalo limepauka, gari linaumwa, na dawa ya kupauka iko juu ya ubao.

Mchana mmoja baba alikuwa ameenda mtoni na mama ameenda kutafuta majani ya muhogo. Nilikipindua kinu, nikapanda juu yake, nikashusha kikombe. Masizi yalikuwa tele. Sabuni haikuwepo, na sukari nilikuwa nimesahau hata ladha yake. Nilichanganya masizi na mawese kwa vidole, nikaingia garini, nikapaka mpira wa dirisha langu ndani na nje, nikisukuma majani pembeni, mpaka chini ya mdomo, kama nilivyomwona baba akifanya. Ulikunywa kila tone. Ukawa mweusi, ukang'aa. Nilikaa kuutazama, na lile jani, lile ua, yule nyuki, vikarudi kuwa picha. Sijawahi kufurahi vile tena, na ninasema hivi nikiwa nimeolewa na nimezaa.

Halafu nikasikia viatu uani. Nilitoroka kwa mlango wa upande wa pili, nikajificha jikoni nyuma ya kikapu cha mpunga. Niliyoyajua baadaye niliyapata kwa majirani, ambao waliyasimulia mara nyingi mno. Wenye bunduki walikuwa wanapita tu, kutoka mtoni, na baba alikuwa nyuma yao njiani. Yule wa kofia ya sufu akaona kati ya majani dirisha moja jeusi linalong'aa. Akasimama, akasema, "Gari yenye kufa haijipake mafuta."

Wakauliza nani amepaka. Baba alikuwa ameshafika. Alitazama dirisha, akasema ni yeye, alishindwa kuvumilia, ni tabia yake tangu zamani.

Walimlazimisha kufukua magurudumu. Walimrudishisha betri. Wakamwambia kesho alfajiri ataendesha yeye mwenyewe, wakaacha mtu mlangoni alinde. Jua lilipokuwa linashuka baba aliingia jikoni na udongo mpaka kwenye viwiko, akaniita. Moshi ulikuwa mwingi. Aliniambia nifumbe macho, ndimu itaniuma. Nikafumba. Akanisugua mikono kwa mchanga wa mtoni, kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, katikati ya vidole, mpaka ngozi ikawaka. Juisi ya ndimu ilikuwa inadondoka kutoka juu, tone, halafu tone, baridi. Baba hakuwa mtu wa kuwanawisha watoto, kwa hiyo nilidhani ananiaga. Kwa miaka yote kumbukumbu hiyo imenijia bila macho: mikono miwili mikubwa, mchanga, na ndimu ikidondoka gizani.

Nilijifariji kwamba hakuona kitu. Jiko lile lilikuwa jeusi, na watoto wote wa Kindu siku zile walikuwa na mikono ya masizi, maana tulipikia kuni mbichi.

Walivuka mto kwa kivuko, wakashika barabara ya Pangi. Mama hakulala chini wala hakulia. Alisafisha kikombe cha mawese, akakirudisha juu ya ubao kikiwa kitupu. Siku nyingi baadaye, wakati nimeshaacha kuhesabu, baba alitokea kwa miguu, nyayo zimevimba, amevaa shati la mtu mwingine. Alisema gari lilikwama kwenye matope karibu na Pangi, injini ikafa kweli safari hii, wale watu wakaendelea na njia yao, na wakulima wa pale wakamficha na kumlisha. Hayo tu. Gari lilikaa kule mpaka vita vilipoisha, likila jua na mvua, ndipo likavutwa na lori mpaka kivukoni na kurudi nyumbani.

Mji ulimcheka. Watu wakimkuta njiani walimuuliza kama leo amepaka ndala zake mafuta. Walisema mtu wa Kasai angekufa kwa ajili ya kioo. Yeye alicheka nao, na mimi nilikuwa natembea kando yake, nimeshika mkono wake, nimenyamaza.

Lakini kilichonila zaidi hakikuwa hicho. Baba alijua kwamba yeye hakupaka. Na nyumbani tulikuwa watatu, maana kaka alikuwa Lubumbashi tangu kabla ya vita. Kikombe kilikuwa juu karibu na paa, mahali ambapo mtoto hafiki, na hakuna aliyeniona juu ya kinu. Anayebaki ni nani? Baba na mama hawakuzungumza kamwe juu ya siku ile. Mtu akiileta, mama aliondoka chumbani na baba alitazama chini. Nilikua ndani ya ukimya huo, na nilipopata akili nikautafsiri: baba anaamini ni mama, na mama amekubali kuibeba hatia ile, au hajui hata kwamba anabebeshwa. Mama alikufa miaka michache baada ya amani. Siku ya kilio nilimwona baba amesimama peke yake uani, kiganja juu ya dirisha la nyuma kushoto, na nilijiambia kwamba anamsamehe. Nilitaka ardhi inimeze.

Kwa hiyo nilipoanza kuosha ile mipira, nikiwa na mswaki wa zamani na sabuni, nilikuwa mbaya wa moyo na wa maneno. Baba aliletewa kiti chake karibu. Hakuona, lakini alisikiliza. Alisema nasugua kwa haraka, mswaki unalia vibaya. Nilimjibu kwamba mswaki ni wangu. Akacheka. Maji yalitoka ya kijivu, kisha meupe, kisha safi, dirisha baada ya dirisha, na mchana ule ulipita polepole, pikipiki zikilia barabarani na kunyamaza, baba akisinzia na kuamka.

Siku ya pili nilifunika vioo na mabati ya milango kwa karatasi za mitihani ya wanafunzi wangu, nikazishika kwa utepe wa gundi, ili rangi isiruke. Rangi nyeusi nilikuwa nimenunua sokoni, kopo dogo. Baba alitaka kunusa kwanza. Akaniagiza nipake tabaka jembamba, nisubiri ikauke, nipake jingine, kwa maana mpira unapumua na ukiuvalisha koti zito utapasuka. Nilipaka mlango wa dereva. Nilipaka wa mbele kulia na wa nyuma kulia. Rangi ilitulia vizuri, na gari likaanza kupata sura, kama mzee aliyepakwa wanja.

Dirisha la nyuma kushoto lilikataa. Rangi ilijikusanya vitone vitone na kuteleza, kama maji juu ya jani la gimbi. Nikapaka tena, ikateleza tena. Baba akauliza mbona brashi imenyamaza. Nikasema kuna dirisha moja halishiki. Akauliza lipi. Nikamwambia.

"Hiyo ilikula mafuta," akasema. "Utaiosha na maji ya moto."

Nilichemsha maji. Jirani alipita akatuambia treni imeshatoka Kibombo, kesho itafika. Nikamshukuru kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Niliinua mdomo wa mpira kwa mpini wa kijiko, polepole usikatike, na pale chini, mahali jua la Pangi na mvua za miaka yote hazikufika, nikakuta mstari wa masizi yaliyoganda, mweusi wenye wekundu kwa ndani. Ulikuwa na harufu ya mawese. Upande mmoja ulikuwa na alama ya kidole, kidogo, cha mtoto. Nilikaa chini juu ya udongo. Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na uso wake umeelekea mahali nilipo. Nilisema, "Papa," akaitika, nikamwambia maji yamepoa. Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira, maana mwanamke wa umri wangu anayesimama mbele ya watoto hamsini kila siku ameshindwa na sentensi moja.

Nilirudi nikaosha. Niliosha mara tatu, na mara ya tatu ile alama ya kidole ilitoka na maji. Siku iliyofuata, asubuhi, dirisha likakubali rangi. Nilipaka tabaka la mwisho, nikabandua karatasi, na gari likasimama pale chini ya mabati na madirisha yake meusi pande zote. Nilikaa nyuma kushoto nikatazama nje. Sanduku la baba lilikuwa ndani ya picha, na mlango wa jiko, na baba mwenyewe akiwa na fimbo yake. Kwa mbali, upande wa stesheni, treni ilipiga honi.

Nilishuka kumwambia kazi imekwisha. Hakutaka kupelekwa kwenye gari. Alisema nimletee bakuli la mchanga na ndimu mbili, halafu nikae. Nilidhani anataka kunawa kabla ya safari. Nilipovileta, alinyoosha viganja vyake wazi mbele yangu akangoja.

"Leta mikono, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita, kama baba wengi wa hapa wanavyowaita binti zao.

Nikampa mkono wa kulia. Ulikuwa mweusi mpaka kifundoni. Alichukua mchanga, akaanza na kidole gumba, chini ya ukucha, kwa utaratibu, bila kuona, kama anayetafuta ufa kwenye chuma. Alipofika kidole cha tatu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ile siku masizi ilikuwa mingi kuliko leo."

Yeye aliendelea kusugua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua, na kwa nini aliacha mipira ipauke miaka yote hii, mtu kama yeye.

"Sikutaka unione na brashi mukononi, ufikiri nakukumbusha," akasema. "Ulikuwa mutoto. Sasa naenda. Siwezi kukuachia gari ya kupauka."

Nilikuwa nalia, na bado lile kubwa lilikuwa halijatoka. Nilimwambia nimeishi nikiamini kwamba alimdhania mama. Kwamba mama alikufa na hatia yangu juu ya jina lake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mimi nikaiacha. Baba aliacha kusugua. Alishika ndimu, akaigeuza geuza kwenye kiganja, akaikamua juu ya vidole vyangu, tone, halafu tone.

"Ile siku mikono yangu yote mbili ilikuwa inakusugua," akasema. "Ndimu, njo mama yako alikuwa anakamua."

Nikafumba macho, kama siku ile, nikampa mkono wa pili.